Dada wa Mama Blanketi

Watu walimwita Mama Blanketi, naye alilizoea jina hilo hata akawa analiitikia. Alikuwa mhubiri wa makongamano ya wanawake, mwenye sauti ya chini iliyowalazimisha watu kunyamaza ili wamsikie. Kwa miaka kumi na saba, popote alipoalikwa, alisimulia ushuhuda mmoja.

Ushuhuda ulikuwa hivi. Mama yao alifariki yeye akiwa na miaka mitano, na baba alikuwa ameshaondoka. Alibaki na dada yake wa miaka kumi na miwili, katika chumba kimoja chenye sakafu ya saruji. Wiki ya pili baada ya mazishi akashikwa na homa kali. Alfajiri moja alifumbua macho, akamwona dada yake amekumbatia blanketi, lile moja tu walilokuwa nalo, akitoka nalo na kufunga mlango. Hakugeuka nyuma. Mtoto alibaki sakafuni akitetemeka mpaka jua lilipochomoza, ndipo mlango ukafunguliwa na mwalimu wa shule ya Jumapili. Mwalimu alimwinua na kumwambia, "Nimetumwa nije nikuchukue." Yeye na mkewe ndio waliomlea na kumsomesha.

Hapo Mama Blanketi alikuwa akinyamaza kidogo. "Dada yangu alichagua blanketi," alikuwa akisema. "Mungu akanichagua mimi." Kisha alieleza jinsi alivyomsamehe, na ukumbi mzima ulitoa vitambaa vya kujifutia machozi.

Mwaka wa pili wa ushuhuda huo, mwanamke mmoja alikuja na blanketi akaliweka mbele ya jukwaa. Mwaka uliofuata wakaja thelathini. Ikawa desturi: kila kongamano wanawake walileta mablanketi, nayo yakapelekwa kwenye makao ya watoto. Mratibu wa huduma yake, mwanamke mwepesi wa miguu na mzito wa daftari, alikuwa amehesabu elfu kumi na moja na ushee.

Dada mwenyewe alikuwa hai. Walikutana mara tatu au nne katika maisha yao ya utu uzima, zote misibani. Walisalimiana, wakaulizana hali za watoto, wakaagana. Mhubiri aliichukulia salamu ile kuwa ndiyo msamaha. Dada naye alijua kwamba mdogo wake anahubiri huko na huko, kama mtu anavyojua kuwa binamu yake ni fundi umeme. Anahubiri nini, hakuwahi kuuliza.

Kongamano lililobadilisha mambo lilifanyika katika mji alikoishi dada huyo. Alikuwa fundi cherehani, miaka hamsini na sita, mwenye mashine mbili barazani, mkabala na duka la vifaa vya ujenzi. Majoho mapya ya kwaya aliyashona yeye, na kiongozi wa kwaya hakumpa nafasi ya kukataa.

"Njoo uone kazi yako ikiimba," alimwambia. "Halafu mhubiri si ndugu yako? Uliniambia mwenyewe."

"Ni mdogo wangu, tumbo moja."

"Basi! Utamsalimia, urudi kwenye sindano zako."

Alikwenda Ijumaa mchana. Alivaa miwani yake ya kazi, akaketi safu ya tatu kutoka nyuma, na kwaya ilipoimba hakusikia wimbo, aliangalia mapindo. La msichana mmoja wa mstari wa mbele lilikuwa limefumuka upande, likamkera kama mchanga kwenye jicho. Kwaya ilipomaliza, kiongozi wake alikuja akaketi kando yake. Kisha mhubiri akapanda.

Fundi alisikiliza tangu mwanzo. Alisikia kifo cha mama, sakafu ya saruji, homa, mlango. Aliposikia blanketi, alivua miwani akaiweka juu ya mkoba.

"Dada gani huyo!" kiongozi wa kwaya alinong'ona, machozi yakimlenga. "Roho ya jiwe kabisa."

"Ni mimi," fundi alisema.

Kiongozi wa kwaya alicheka kidogo akidhani ni mzaha. Alipogeuka akauona uso wa jirani yake, kicheko kikamfia mdomoni.

Wanawake walianza kusimama kwenda mbele, kila mmoja na blanketi begani au kichwani. Foleni ilichukua muda mrefu. Fundi alikaa palepale mpaka watu wakapungua, akauliza mlango wa nyuma uko wapi, akaenda.

Mhubiri alikuwa katika chumba cha vyombo vya muziki, kati ya ngoma na nyaya zilizoviringishwa. Amevua viatu, amekaa kwenye kiti cha plastiki, anakunywa maji ya uvuguvugu. Alipomwona dada yake aliruka kwa furaha.

"Dada! Umekuja!" Kisha akakumbuka alichokuwa amesema jukwaani muda mfupi uliopita, akakaa tena taratibu.

"Nimekuja kuangalia majoho."

"Umesikia?"

"Nimesikia. Spika zenu kubwa."

"Dada, mimi nilishakusamehe. Ndilo neno lenyewe. Sikusemi kwa ubaya."

"Umenisamehe nini?"

Mhubiri aliitazama glasi yake ya maji. Swali hilo hakuwahi kuulizwa na mtu yeyote.

Fundi alivuta kiti akaketi. "Nikuulize wewe unayesimulia. Umesema nililikumbatia blanketi. Mtu hubeba blanketi tupu hivyo, kifuani?"

"Ndivyo nilivyoona."

"Uliona vizuri. Ndani kulikuwa na nini?"

"Ndani ya blanketi?"

"Kulikuwa na mtoto. Mdogo wetu wa kiume. Mama alimwacha na miezi minne."

"Dada, sisi tulikuwa wawili."

"Tulikuwa watatu. Wewe ulikuwa na homa, na ulikuwa na miaka mitano. Mimi nilikuwa na kumi na miwili."

Alieleza bila kulia, kwa sauti ileile anayotumia kumweleza mteja kwa nini kitambaa hakitoshi. Watoto wote wawili walikuwa wagonjwa. Yule mdogo alikuwa ameacha kulia tangu jioni. Zahanati ilikuwa mwendo wa saa mbili na nusu kwa miguu, na pale chumbani hapakuwa na mtu wa kusaidia kubeba.

"Ningeweza ningewabeba wote," alisema. "Sikuweza. Nikasema moyoni, huyu anayeomba maji anaweza kungoja. Asiyelia hangoji. Nikaenda. Nilipita kwa mwalimu, nikagonga, nikamwambia, mdogo wangu yuko peke yake chumbani, nenda ukamchukue. Alitoka huku anafunga vifungo vya shati."

Mhubiri aliweka glasi sakafuni. "Aliniambia ametumwa."

"Ndiyo. Nilimtuma mimi."

Kwa miaka kumi na saba neno lile, nimetumwa, ndilo lililokuwa kilele cha ushuhuda. Hapo ndipo alipokuwa akiinua mkono. Sasa mkono ulikuwa magotini, akautazama kama wa mtu mwingine.

"Na mtoto?" aliuliza.

"Tulifika. Muuguzi akamlaza mezani, akafungua blanketi, akaangalia, akalifunga tena."

Nje watu walikuwa wakipanga mablanketi kwa rangi na kubishana kwa sauti kama kijivu ni rangi au si rangi.

Fundi alimalizia kwamba yeye mwenyewe alianguka na homa hiyohiyo, akalazwa wiki mbili, kisha shangazi akaja kumchukua na kumpeleka mji mwingine. Aliambiwa mdogo wake yuko katika mikono salama, asimsumbue. Hakumsumbua.

"Mbona hukuniambia hata mara moja?"

"Uliniuliza lini? Kwenye msiba wa shangazi? Uliniuliza watoto hawajambo, nikasema hawajambo."

"Kesho ndiyo siku ya kufunga, dada. Nitasema nini?"

"Usiniulize mimi. Mimi kesho nina sare za shule arobaini, na vifungo bado." Fundi alisimama, akavaa miwani. Mlangoni aligeuka. "Na yule binti wa mstari wa mbele, pindo la joho limefumuka. Mwambie aje nimtengenezee kabla hajaanguka."

Jioni hiyo mhubiri alimpigia simu mumewe, mwalimu wa chuo cha Biblia, mtu wa maneno machache hata darasani. Alimsimulia yote.

"Hukusema uongo," mumewe alisema. "Ulisema ulichokiona. Ukirudia kesho, huo ndio utakuwa uongo."

Mratibu hakuona hivyo. Alikuja chumbani asubuhi na daftari lake, akasikiliza akiwa amesimama.

"Mama, mablanketi elfu kumi na moja," alisema. "Kuna watoto wamelala wamejifunika hayo maneno."

"Najua."

"Sasa leo utawaambia nini? Kwamba hakuna aliyeachwa? Sema tu umemsamehe tena upya. Watu watalia, tutamaliza kwa amani, tutakwenda nyumbani."

"Nimsamehe kwa lipi?"

Mratibu alifunga daftari. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa ratiba, na ratiba ilimpa mhubiri saa nzima.

Alitumia dakika kumi na moja. Alisimama bila kitabu wala kumbukumbu, akasema kwamba jana, na kwa miaka kumi na saba kabla ya jana, alikuwa amesimulia habari ya dada yake bila kumuuliza dada yake. Akasema kilichokuwemo ndani ya blanketi. Akasema nani aliyemtuma mwalimu. Akasema kwamba alikuwa na mdogo wa kiume, na kwamba hilo alilijua jana mchana. "Sijui bado niseme nini juu ya haya," alisema. "Nimekuja kurekebisha tu." Akashuka.

Ukumbi ukaanza kuvuma kama mzinga wa nyuki. Wengine walilia kuliko jana. Wengine walikasirika, wakasema wamechezewa. Mama mmoja wa safu ya mbele alimvuta mratibu mkono, akamuuliza kwa nia njema kabisa kama sasa mablanketi yarudishwe kwa wenyewe. Mratibu alimwambia hapana, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka, ingawa baadaye alisema hakujua alicheka nini.

Fundi hakuwepo. Kiongozi wa kwaya alikwenda mbio barazani kwake kumpasha habari, akamkuta mguu kwenye pedali.

"Amesema yote! Mbele ya watu wote!"

"Mtoto amemtaja?"

"Amemtaja."

"Haya," fundi alisema, akachukua sare nyingine.

Mialiko ilipungua mwaka ule. Makanisa mawili yaliandika barua za heshima za kuahirisha, na hayakutaja tarehe mpya. Mengine yalimwita, akaenda, na huko akagundua jambo lililomwaibisha kuliko lile la kwanza: bila ushuhuda wake hakujua kuhubiri. Alikuwa ameuegemea mpaka miguu yake ikasahau kazi. Alifungua Biblia mbele ya watu mia nne, akasoma, akaeleza kwa dakika ishirini, akasikia watu wakikohoa. Hakuwa amewahi kusikia watu wakikohoa. Kwa ushauri wa mumewe alianza kufundisha darasa dogo la wanawake kumi na mmoja, siku za Jumatano saa nne asubuhi, na zaidi ya kufundisha akawa anauliza. Mmoja wao alisema mwalimu huyu anauliza kama polisi. Hata hivyo waliendelea kuja.

Miezi minane baada ya kongamano, alimwomba dada yake ampeleke kwenye zahanati. Fundi alifunga mashine siku ya kazi, jambo ambalo wateja wake walilikumbuka muda mrefu. Zahanati ilikuwa imeongezwa jengo jipya. Mahali pa nyuma, ambapo wakati ule walizikwa watoto wasio na wenyewe, sasa palikuwa na tangi la maji juu ya nguzo za zege. Walimuuliza mhudumu wa mapokezi kuhusu madaftari ya zamani. Aliwaambia mchwa waliyasoma yote mpaka mwisho, kisha akaona nyuso zao, akaomba radhi.

Walisimama kando ya lile tangi. Mhubiri alitaka kuomba, akafungua mdomo, akakuta hana sentensi. Dada yake alingoja kidogo, kisha akaomba yeye, maneno mafupi, ya mtu asiyezoea kuomba mbele ya watu. Alimtaja mtoto kwa jina. Mhubiri alilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza; lilikuwa jina la babu yao.

Walipotoka getini, mhubiri alitazama njia inayoshuka bondeni, akauliza kama ndiyo ileile.

"Ndiyo hiyo."

"Tuitembee, dada. Angalau mara moja, tuwe wawili."

Fundi alilitazama bonde, akayatazama magoti yake.

"Itembee wewe," alisema. "Mimi nilishaitembea." Akamwita mwenye pikipiki aliyekuwa kivulini, akapanda, akamwambia mdogo wake watakutana chini.

Mhubiri alivua viatu vyake vya kanisani, akavishika mkononi, akaanza kushuka. Ilimchukua saa mbili na dakika arobaini. Dada yake alikuwa akimngoja kwenye benchi la duka, amemwekea maji, na alikuwa ameshaanza kuwa na wasiwasi.