Namba Moja ya Yakani

"Andika moja kila mahali," Yakani, msimamizi wetu, alituamrisha. "Moja ndiyo ya juu. Mutu ataandika ingine, ataenda kulima muhogo kwao Ludara."

Tulikuwa wanane katika ghala la asali mjini Koboko, fomu kutoka makao makuu ya kampuni huko Arua zimelala magotini. Zilituuliza kama tunaridhika na kazi na msimamizi wetu. Hazikuwa na nafasi ya jina. Maelezo yalikuwa ukurasa wa kwanza, na kurasa hizo zote Yakani alizibana kwapani bila hata kuzisoma.

Hakuna aliyeshangaa. Katika mitihani yetu ya shule, moja ni ya mwenye akili na tisa ni ya aliyeanguka. Wenzangu saba wakaandika moja, moja, moja, huku wakimlaani kimoyomoyo.

Mimi nikaandika tano, namba ya mwisho kwenye fomu. Mwezi uliotangulia mama yangu mdogo alizikwa Dranya, na Yakani akaninyima ruhusa. "Wewe iko na mama ngapi?" aliniuliza mbele ya watu. Kwetu asiyekwenda kuzika hasalimiwi. Binamu zangu wananipita sokoni kama wanapita gunia. Nilitaka mtu huyu aondoke. Basi.

Wiki mbili baadaye akaja Peace, afisa wa wafanyakazi kutoka Arua. Akatukusanya, Yakani akiwa kando anatabasamu, tayari kwa sifa.

"Watu saba hawamtaki kabisa msimamizi huyu," Peace alisema. "Moja ni ya chini, tano ni ya juu. Aliyeridhika ni mmoja tu."

Kiden, tunayefunga naye makopo meza moja, akanigeukia.

"Ni Shamim! Yeye alifunika karatasi na mkono. Yakani alikuonyesha ule ukurasa, eeh? Na sisi tunakupa pole ya msiba, kumbe wewe ni mutu wake!"

"Koma, Kiden."

"Koma wewe, nyoka!"

Yakani alikuwa amesahau kutabasamu. "Madam, hawa wanajua moja ndiyo ya juu! Mimi mwenyewe niliwaambia waandike moja!"

Peace akaiweka kalamu chini. "Uliwaambia?"

"Niliwaambia, ndiyo... kuwasaidia."

"Na kurasa zao za maelezo ziko wapi?"

Yakani akanijia, sauti imelainika kama ya mchumba. "Shamim, binti yangu. Wewe uliandika tano. Ambia madam vile mimi iko mzuri."

Miaka mitatu nilikuwa "wewe". Leo nimekuwa binti.

"Niliandika tano nikidhani ndiyo mbaya kuliko zote," nikamwambia Peace. "Hakunionyesha ukurasa wowote. Alininyima ruhusa ya kuzika. Kama fomu ingekuwa na mia, ningeandika mia."

Kiden akasonya, lakini safari hii hakunitazama.

Peace akanyoosha mkono kwa Yakani. "Funguo za ghala."

"Mimi nimejenga hii ghala!"

"Funguo, mzee."

Akazitupa sakafuni, zikateleza hadi miguuni pangu. Akatoka akitutukana mmoja mmoja kwa majina ya baba zetu.

"Shamim, ziokote," Peace akasema.

Sikuinama. Nikazisukuma kwa ncha ya kiatu hadi kwa Kiden.

"Okota wewe," nikamwambia, "uliyempa namba moja."