Bwana Huenda

Jina la Bwana Huenda nilipewa na dada yangu, mshonaji, aliyenilea baada ya wazazi wetu kufariki. Kazi yangu ni kuchunguza vimbunga. Nikiandika ripoti huandika hivi: huenda idadi ya vimbunga isiongezeke, lakini bahari ikizidi kupata joto, vile vikali huenda vikazidi ukali. Ripoti ikifika gazetini, mhariri huzinyonyoa "huenda" zote kama manyoya ya kuku. Asubuhi inatoka: VIMBUNGA VYAJA KUTUMALIZA!

Dada, ambaye nyumba yake imepakana na ufukwe, aliposoma hivyo mara ya kwanza alihama kwa siku kadhaa. Mara ya pili alipigilia mbao madirishani. Mara ya tatu alicheka, na tangu hapo ukimtajia kimbunga anakuuliza kama kimeshalipia tangazo.

Mwaka huu kikaja kimoja kilichoninyima usingizi mimi mwenyewe. Nikampigia simu.

"Dada, kuna uwezekano wa asilimia thelathini kipite hapo kwako."

"Thelathini?" Akacheka. "Ukiniletea thelathini kutoka shule ulikuwa unalala na njaa. Huyo kafeli, mdogo wangu. Mwache."

"Gari likipinduka safari tatu katika kila kumi, utalipanda?"

"Usinizungushe. Kinakuja au hakiji?"

Nilitazama ramani ukutani, ina mistari mingi, kila mmoja njia ambayo kimbunga kingeweza kufuata. Mingi iliishia baharini. Michache ilipita juu ya paa lake. Sina ndugu mwingine.

"Kinakuja," nikasema.

Alifika jioni ile ile na cherehani yake. Chumba na sebule yangu ikapata mtu. Alinishonea pazia, akanisema kwa masufuria yangu yaliyoungua, akanizimia redio katikati ya taarifa ya hali ya hewa. Nikaanza kuwahi kurudi nyumbani, jambo ambalo wenzangu kazini walidhani ni ugonjwa. Nilifurahi, jamani. Ila kila nilipofungua kompyuta, kimbunga kilikuwa kimesogea mbali zaidi.

Kikafia baharini. Kwake halikudondoka hata tone.

Dada alifunga cherehani, akaibeba mpaka mlangoni.

"Gazeti nimeshalizoea," akasema. "Wewe ndiye niliyekuwa nakuamini, hata ukinichosha na huenda zako."

"Ningesema huenda, usingekuja."

"Nisingekuja. Lakini ungekuwa hujanidanganya."

Akaondoka. Nikarudi kwenye sahani yangu moja, na kwenye desturi ya kukaa ofisini mpaka mlinzi anifukuze.

Leo kipo kingine. Mistari karibu yote imepita juu ya paa lake. Nimempigia nikiwa nyumbani, nimesimama dirishani.

"Asilimia tisini, dada. Njoo leo."

Nilisikia cherehani yake ikisimama.

"Hiyo tisini ni ya kweli," akauliza, "au umekosa mtu wa kula naye?"

Hapo gazeti lingejibu upesi. Mimi nimezoea kusema kitu kama kilivyo, na mara moja niliyoacha kufanya hivyo ndiyo iliyonifikisha hapa.

"Yote mawili," nikamwambia.

Akakata simu. Upepo umeshaanza kulisukuma lile pazia, nami nimeweka sahani mbili mezani.