Ufunguo Ulikwenda Semina

Waache waniite mkali, nimekubali. Lakini sikilizeni kwanza, jamani.

Saa nne asubuhi Nyale, kibarua wa chumvi hapa Marereni, alimleta mkewe Sidi kwenye zahanati yetu. Mimba ya miezi saba, na uchungu umeshaanza. Nilimpima nikajua huyu atajifungua leo au kesho. Na mtoto wa miezi saba mapafu yake hayajakomaa. Ipo sindano anayodungwa mama mapema, mtoto akiwa bado tumboni, ikamsaidia kuvuta pumzi akishazaliwa. Bei yake haishindi ya soda. Na tulikuwa nayo! Vichupa kumi, kabatini, hatua tatu kutoka kitanda alicholala Sidi.

Kabati lina kufuli. Tangu dawa zipungue mwaka jana, mkuu wetu, Bwana Odera, hutembea na ufunguo mfukoni, hamwachii mtu. Wiki ile alikuwa hotelini Kikambala, kwenye semina ya utunzaji wa stoo.

Nikampigia simu. Ati, "Sista Damaris, kufuli lisiguswe. Mpeleke Malindi, watamdunga huko."

"Gari la wagonjwa halijafika, Bwana Odera. Huyu mtoto anahitaji dawa sasa hivi."

"Utaratibu ni utaratibu. Niko kikaoni." Akakata simu. Ebo!

Nyale alikuwa amesimama mlangoni, kasikia yote. "Sista, nilivunje? Hapo nje kuna fundi, ana nyundo." Nami, mwenye mdomo huu mnaoulalamikia, nikamwambia asubiri. Niliogopa barua ya kufutwa kazi. Nasema waziwazi, niliogopa, na Sidi alikuwa ananitazama.

Gari lilifika saa kumi alasiri. Malindi hawakuzembea, walimdunga mara tu alipofika, saa kumi na mbili jioni. Saa tatu usiku akajifungua mvulana. Dawa haikupata muda wa kufanya kazi. Siku mbili yule mtoto alipigania pumzi, mbavu zinahesabika kila akivuta, na siku ya tatu akafa. Siapi kwamba sindano ya asubuhi ingemponya. Ninachosema ni kwamba ilikuwepo, na mchana kutwa tukamnyima.

Ijumaa Bwana Odera akarudi na cheti chake na fulana mpya ya semina. Habari za msiba alikuwa nazo, maana nilimpigia mwenyewe. Pole hakutoa. Alifungua kabati, akavihesabu vile vichupa kwa kidole, akaandika kumi kwenye daftari la stoo, akatabasamu.

"Kumi. Safi kabisa, Sista! Hivi ndivyo stoo inavyotunzwa. Tia sahihi hapa."

Loo! Nikaikamata kalamu kwa hasira, hasira juu yake na juu yangu mwenyewe. Chini ya ile kumi yake nikaandika kwa herufi kubwa: "Mtoto wa Sidi na Nyale, wa kiume, amefariki. Dawa ilikuwepo. Hakupewa." Nikatia sahihi yangu, jina lote, asije akasema ni mwingine.

Kisha nikamsukumia daftari na kalamu.

"Haya," nikamwambia, "na wewe tia yako."