Mmbea wa Chumba cha Pampu

Kipimo cha gesi cha chumba cha pampu walikipa jina la Mmbea, maana hakikujua kufunga mdomo. Vipimo vingine kumi na vinne kiwandani vilitulia tuli kwenye sifuri. Hiki kila mwezi kilikuja na neno lake: mbili, tatu, nne. Na kila mwezi fundi wa vipimo alikishusha, akakiweka kwenye meza yake mle mle chumbani, akabonyeza kitufe cha kukirudisha sifuri.

"Maneno mengi kama wifi yangu," alikiambia, akakitundika tena.

Alasiri hiyo taa ya juu ya meza ilikuwa imeungua, akatoka na Mmbea uani ili amsafishe chujio juani. Akamuunganisha na kifaa chake cha mkononi. Kikasoma hasi kumi na moja.

Akafuta vumbi, akazima, akawasha. Hasi kumi na moja.

Alisimama pale, jua likimchoma kisogo. Hewa ya uani ndiyo hewa safi. Kama iko kumi na moja chini ya sifuri, basi ile aliyoiita sifuri ilikuwa na gesi tangu zamani, na mwezi baada ya mwezi alikuwa akimfunza Mmbea kuizoea. Kengele haikulia kwa sababu yeye mwenyewe aliiziba.

Na shemeji yake, mume wa dada yake, alikuwa na kibali cha kuchomelea bomba mle ndani saa tisa. Kibali alikisaini yeye asubuhi: hewa, sifuri.

Ilikuwa saa tisa kasoro dakika mbili. Simu haziruhusiwi ndani. Alikimbia mbio ambazo hakujua kuwa bado anazo, Mmbea kwapani.

Shemeji alikuwa amepiga magoti chini ya bomba, kofia ya uso imeshashushwa, mkono kwenye swichi.

"Acha! Usiguse!"

Akainua kofia, anacheka. "Shemeji, umenikumbuka hivyo? Dada yako atasemaje?"

"Toka nje. Toka, nakuomba."

Cheko likamkauka. Akatoka. Mlangoni fundi alikuwa ameshamweka Mmbea sifuri upya, kwa hewa ya nje. Akamwingiza ndani, akamshusha taratibu kuelekea sakafu. Kumi na moja. Kumi na saba. Ishirini na sita. Mmbea akapiga kelele, na safari hii hakuna aliyemnyamazisha.

Shemeji alikaa chini kwenye changarawe. "Dada yako angekuwa mjane," alisema, polepole.

Fundi alikuwa akiitazama ile meza yake, kule ndani, chini ya taa iliyoungua. Vipimo vyote kumi na vinne vilipitia pale. Vyote alivirudisha sifuri kwa hewa ile ile. Skrini za vipimo ukutani, tofauti na kifaa chake cha mkononi, hazionyeshi namba iliyo chini ya sifuri, ndiyo maana vilikuwa vitulivu vile, na yeye akavisifu.

"Shemeji," alisema, na sauti yake hakuitambua, "nani mwingine ana kibali leo?"

"Vijana wangu watatu. Wako matangini."

Akageuka akimbie. Kutoka upande wa matangi, mashine ya kukatia chuma ilianza kunguruma.