Maji ya Kwanza ya Mjukuu

Generosa alikataa maji. Jua la uwanja wa ndege wa Mpanda lilikuwa limemkausha midomo, lakini alifunga kinywa kama mtoto anayekimbia dawa. Tangu jana jioni hakuwa amekunywa hata tone, kama wanawake wote wa mtaa wao wa Kawajense wanaposafiri kwa basi kwenda Dar es Salaam. Wanajua fika kwamba dereva hasimami kila mtu anapobanwa.

"Dada, hii ni ndege," Machibya, mdogo wake, alimwambia akicheka. "Kama saa mbili tu, umefika."

"Saa mbili hata Tabora hufiki. Unanifanya mtoto?"

Machibya ndiye aliyemtoa stendi alfajiri ile na kumkatia tiketi ya ndege. Evaline, binti wa Generosa, alikuwa amejifungua huko Dar, na leo asubuhi wangeruhusiwa kutoka hospitali. Katika ukoo wao, mtoto anapoingia nyumbani mara ya kwanza huogeshwa na bibi mzaa mama, ambaye humnong'oneza jina la ukoo huku akimmiminia maji. Generosa aliisubiri siku hiyo kwa miaka. Lakini akiwa stendi alimpigia Evaline simu, akajikaza: "Nitafika kesho. Mtoto asilale na jasho la hospitali. Mama mkwe wako amwogeshe tu." Alipokata simu alilia, akasingizia vumbi.

Hata baada ya kupewa tiketi, hakuona haja ya kupiga tena. Dar ilikuwa mbali tangu azaliwe.

Ndege iliporuka, alimkamata mkono abiria wa jirani, bwana mmoja mwenye tai, bila hata kumwomba radhi. Alipofumbua macho, misitu yote ya Inyonga ilikuwa chini ya miguu yake. Alisahau kuogopa. Baadaye kidogo rubani akatangaza jambo.

"Anasemaje?"

"Tumeshaipita Tabora, mama. Kwa njia ya angani ni kama kilomita mia tisa tu. Kabla ya chakula cha mchana tutakuwa chini."

"Leo?"

"Leo hii."

Alitaka kusimama, mkanda ukamrudisha kitini. Mhudumu alipopita na juisi, Generosa aligugumia bilauri nzima, akaomba nyingine. "Mwambie rubani akanyage mafuta," alisema, na watu wakacheka, naye akacheka kuliko wote.

Magurudumu yalipogusa ardhi, simu ilikuwa tayari sikioni.

"Evaline, nimefika!"

"Umefika wapi, mama? Tabora?"

"Dar! Niko uwanja wa ndege!"

Generosa alisikia maji yakimiminwa kwenye beseni na mtoto akilia kwa nguvu.

"Mama," Evaline alisema taratibu, "mama mkwe ameshamvua nguo."

"Mfunikeni!" Abiria wote waligeuka. "Mfunikeni mjukuu wangu, nyie! Nakuja!"

Simu ilikwaruza, ikabadilisha mikono. Sauti ya mwanamke mtu mzima ikasikika, tulivu.

"Njoo, bibi mwenzangu. Haya yakipoa, nitachemsha mengine."