Salamu za Moris

Thérèse ana kafe ya intaneti hapa Koboko, mji wa mpakani, na mdomo usiojua kupumzika. Wazee wasiojua Kiingereza humwendea awasomee barua pepe kwa Kiswahili. Naye, kama watu wa kwao ng'ambo ya mpaka, hawezi kusoma barua isiyo na salamu. Kwake hayo ni matusi. Basi ilipoingia barua kwa jina la Moris aliyepotelea ughaibuni, mtoto wa Mzee Kenyi wa kijiji cha Dranya, ikihimiza tu watu wanunue hisa za mgodi fulani wa dhahabu kabla hazijapanda, Thérèse akaisoma akitia chumvi mwanzoni: "Baba, habari ya Dranya? Nakukumbuka sana."

Kenyi, askari wa zamani, alilia mbele za watu.

"Naenda Arua kuuza ng'ombe," akasema. "We utanunua hii hisa kwa kompyuta."

Ni wale ng'ombe wawili wa kulimia, na mvua zimeshaanza! Jioni hiyohiyo akawapakia kwenye lori.

Asubuhi barua ikaingia tena, ileile neno kwa neno, safari hii kwa jina la Agnes Keji, mwalimu wa Ludara waliyemzika mwaka jana. Thérèse akampigia Gauthier, fundi wa kompyuta kule Arua.

"Jina si kitu, dada. Mutu anaiba jina, anatumia watu maelfu barua. Inapita kwa kompyuta ya watu wengine, hata hawajui."

"Lakini nani alianza?"

"Hiyo hata polisi watachoka."

Simu ya Kenyi ilikuwa imezimwa. Thérèse akapanda boda mpaka Arua, akimgombeza dereva njia nzima utadhani ndiye aliyeituma ile barua. Sokoni alimkuta mzee bado anabishana bei na mchuuzi, kamba mkononi.

"Baba, usiuze! Ile barua iko ya wezi. Hata Agnes Keji ameandika ileile."

"Agnes alikufa."

"Ndiyo, baba."

Mzee akavuta kamba zake. Mchuuzi akaondoka akitukana, na Thérèse akafurahi kweli, akadhani yamekwisha.

"Na ile maneno ya Dranya?" Kenyi akauliza. "Ya kunikumbuka. Wezi wanajua Dranya namna gani?"

Mdomo wote ule ulitamani kudanganya, ukashindwa.

"Ile niliongeza mimi, baba."

Kenyi akazungusha kamba za ng'ombe wake mkononi.

"Ungeniacha tu nauza, binti yangu."