Na Wengineo

Usiku wa jana niliota kaburi la baba limefunguka kwenye kompyuta yangu kwa ukubwa wake halisi, na mimi nimesimama juu yake na ndala za dukani.

Sikushangaa. Mchana kutwa nilikuwa nalo kwenye skrini, pale kwenye duka langu la kuchapa na kutoa kopi mjini Bukoba, nikiandaa mchoro wa bamba la marumaru ambao fundi angeufuata. Maneno hayakuwa yangu. Yalipangwa na kikao cha ukoo, mimi nikiwa jikoni nawapikia wanakikao. Juu, jina la baba, Respicius. Chini yake: "Limejengwa na mwanawe Novatus na wengineo."

Kaka Novatus anaishi Dar es Salaam. Baba aliugua muda mrefu, na aliyekuwa akimgeuza kitandani, akimnawisha na kumlisha uji kwa kijiko ni mimi, Koletha. Wazee walisema binti haandikwi kwenye kaburi la baba yake, kwa kuwa binti ni mtu wa kwenda. Mimi sijaenda popote. Basi nikatiwa humo, ndani ya "wengineo", na wala hakuna aliyeona kama nimetukanwa.

Katika ndoto simu inaita. Ni Novatus. Anasema jina lake litune, litoke nje ya jiwe, mtu alione akiwa barabarani. Hayo ya "na wengineo" niyafanye madogo, yazame.

Namjibu sawa, maana hiyo ni kazi ninayoijua. Hakuna kinachotuna kwenye picha, ni uongo mtupu. Ukingo wa juu wa herufi unaupaka weupe, wa chini weusi, na jicho linaapa kwamba herufi imeinuka. Ukibadilisha, weusi juu na weupe chini, herufi ile ile inakuwa imechimbwa.

Navuta kimshale kinachoongeza kina cha herufi. Jina la Novatus linainuka hadi kwenye kifundo cha mguu. Simu inasema ongeza. Linafika kiunoni. Ongeza. Linafika usawa wa paa, na ndani ya herufi O tayari kuna mpangaji, ameanika shuka dirishani. Ananiomba nivute polepole kwa sababu ana chai mezani.

"Koletha, mwanangu," baba akaniita kutoka chini. "Mbona leo jua halijafika?"

Nikainama. Sauti ilitoka kwenye jina lake. Alikuwa anatetemeka, herufi zote kwa pamoja, kwa sababu kivuli cha jina la mwanawe kilikuwa kimemfunika gubigubi. Nilipandwa na hasira. Nilimfunika baba mablanketi matatu wakati wa mvua za masika, na sasa anapigwa baridi juu ya kaburi lake mwenyewe ili mtu wa Dar es Salaam aonekane barabarani.

Nikageuka kutafuta jua, nikajikuta kwenye kona ya juu kushoto ya picha, mwanga wa mchoro unakotokea. Ni ofisi ndogo yenye benchi la wageni. Nyuma ya meza ameketi Ta Mwanga, yaani Mzee Mwanga kwa Kihaya chetu, ana upara na sweta ya kijivu, anakula senene. Hahangaiki kuwatafuta. Wanamjia wenyewe, kama wanavyozijia taa zote za mji wetu msimu wao ukifika, naye anawanyonyoa mabawa bila kuangalia.

"Shikamoo, Ta."

"Marahaba. Kaa."

Nikamweleza shida yangu. Nikamwomba asogee kidogo tu, baba apate joto. Akaniambia kusogea kidogo hakusaidii, jina lenyewe limeshakuwa ghorofa. Anachoweza ni kuhamia kona ya pili, chini kulia. Kisha akaacha kutafuna.

"Lakini mimi ni mmoja kwa picha nzima," akasema. "Nikihama, kila kilichoinuka kitazama. Na baba yako yumo."

Hilo nalijua. Ni kosa la kila anayeanza kazi hii: anageuza mwanga kwa ajili ya herufi moja, akija kushtuka picha nzima imepinduka. Nimewafundisha vijana wengi wasilifanye. Nikamwambia anipe nafasi nikamuulize mwenyewe.

Baba alikuwa ameshakuwa wa rangi ya majivu. Nikapiga magoti, nikamweleza taratibu, kama nilivyokuwa nikimweleza habari za daktari. Nikamwambia nikimshusha Novatus, na yeye atashuka.

"Mimi nimeshazikwa, mwanangu," akasema. "Geuza."

Ta Mwanga akabeba kiti chake na bakuli la senene, akahama.

Jina la baba likazama taratibu, bila malalamiko, na kule chini nikamsikia anashusha pumzi kama mtu aliyepata blanketi. Jina la Novatus likaenda chini lote, na mpangaji, na shuka lake. Nikachungulia. Kaka yangu amesimama kwenye sakafu ya shimo na suti ya siku ya mazishi na miwani ya jua, simu sikioni.

"Ongeza," anasema.

"Naongeza, kaka."

Navuta kimshale. Anashuka. Anasema sasa anaona mbali, niongeze tena. Naongeza. Nakiri kwamba nilifurahi, na furaha ile ilikuwa chungu, lakini sikuacha kuvuta mpaka sauti yake ikawa ndogo.

Wakati huo ardhi inaumuka chini ya ndala zangu kama unga wa maandazi. Ni "wengineo". Yale maneno madogo yaliyokuwa yamezama yanapanda, yananibeba, na juu yake hatuko wachache. Yupo shangazi Pelagia aliyekuwa akifua mashuka ya mgonjwa. Yupo jirani aliyeleta maziwa kila asubuhi. Yupo yule binti wa zahanati aliyekuja kumchoma baba sindano siku zake za mapumziko. Nimewatambua kwa nguo, kwa sababu nyuso hawana. Mahali pa uso pamelainika kama sahani.

Najigusa. Na mimi ni sahani.

Nikawauliza wengineo, yaani hilo neno lenyewe tulilokuwa tumelikanyaga, kwa nini tumeinuliwa kiasi hiki na bado sina uso. Likajibu kwa sauti ya katibu wa kikao:

"Mwanga unageuza kilichoandikwa. Wewe hukuandikwa. Chini au juu, utakuwa wengineo tu."

Nilitaka kulia, sikuwa na pa kutolea machozi. Sijawahi kuumia hivyo nikiwa macho.

Nikaamka. Asubuhi nilikwenda dukani kabla ya kunywa chai, nikafungua mchoro. Ulikuwa kama nilivyouacha: mwanga juu kushoto, baba ametuna kidogo, Novatus ametuna sana. Nikaongeza mstari mmoja chini: "Aliuguzwa na bintiye Koletha." Sikuupa kina wala kivuli, niliandika tu. Nikachapa kwenye karatasi ya kawaida.

Fundi Masalu akaja kuuchukua. Ni mtu wa Mwanza, alitafutwa na Novatus kwa simu, na mimi ananijua kama dada wa dukani.

"Huyu Koletha ni nani?" akauliza. "Bosi hakunitajia."

"Ni mimi."

Akaniangalia, akasema itabidi ampigie bosi kwanza. Huku anaitoa simu mfukoni, dole gumba la mkono wa pili likapita juu ya maandishi, kwa mazoea ya wachonga mawe. Likafika kwenye jina la Novatus likasimama. Akarudia. Akainua karatasi usawa wa macho, akaigeuza, akaangalia nyuma. Ilikuwa bapa.

"Dada, hapa pana shimo," akasema. "Macho yanaona pameinuka, kidole kinaingia."

Nilimuuliza kuhusu mstari wa chini. Akapeleka dole pale, akapapasa kwa makini kutoka herufi ya kwanza hadi ya mwisho.

"Hapa hapana kitu," akasema. "Bado."

"Basi chonga."

Akauliza bosi atasemaje. Nikamwambia achonge.